Mkoa Uliohesabiwa Kabla ya Kuzaliwa

Sensa ya Agosti 2012 haikumhesabu mtu hata mmoja katika Mkoa wa Songwe. Mkoa wenyewe haukuwapo: Tunduma, Vwawa, Itumba na Mkwajuni zote zilikuwa za Mbeya. Hata hivyo majedwali ya takwimu ya leo yanaipa Songwe ya mwaka huo watu 998,862, na hayo si makisio. Mkoa ulianzishwa Januari 2016, idadi yake ya zaidi ya miaka mitatu nyuma ikapatikana bila karani yeyote kubisha hodi upya. Mbozi 446,339, Momba 196,818, Ileje 124,451, Mji wa Tunduma 97,562, Wilaya ya Songwe 133,692. Jumlisha, unapata mkoa. Toa jumla hiyo kwenye 2,707,410 za Mbeya ya zamani, unabaki na 1,708,548 za Mbeya mpya.

Hesabu hiyo ingekuwa nyepesi kama wilaya zingehama nzimanzima. Hazikuhama hivyo. Wilaya ya Songwe ilimegwa kutoka Chunya, na Chunya iliyosalia ikaendelea kuwa ya Mbeya. Aliyetaka kujua watu wa Songwe mwaka 2012 hakuweza kuishia ngazi ya wilaya. Ilimbidi ashuke hadi kwenye kata, achukue zilizohama, aache zilizobaki, kisha apande tena. Aliweza kwa sababu idadi ya watu ilikuwa imehifadhiwa chini, na ngazi za juu hazikuwa na namba zake zenyewe isipokuwa zile zilizoletewa na ngazi za chini.

Waandishi wa programu wanaujua mpangilio huo kwa jina la Kompoziti. Kitabu kilichoupa umbo unaofundishwa leo vyuoni kilitoka mwaka 1994, kazi ya Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides. Walikusanya humo ruwaza 23 za usanifu, na Kompoziti ni moja ya zile zinazohusu muundo. Kwa ufupi iko hivi. Una vitu visivyogawanyika, navyo ni majani. Una vitu vinavyobeba vitu vingine, navyo ni matawi. Vyote unavipa kiolesura kimoja, ili anayeuliza swali asihangaike kujua anazungumza na jani au na tawi. Jani hujibu lenyewe. Tawi huwageukia watoto wake, huwauliza swali lilelile, hukusanya majibu yao na kurudisha jibu moja. Mfano wao mmoja ni kompyuta: kasha lina vitu vya ndani kama kadi na diski, na ukiuliza bei ya kasha, swali linateremka hadi kwenye kipande cha mwisho na kurudi juu likiwa na jumla.

Ni wazo zuri sana. Lakini linafundishwa kana kwamba uzuri wake uko katika umbo la mti, na hapo ndipo ninapotofautiana na walimu wengi wa fani hii. Mkoa wa Songwe umejaa miti: ya utawala, ya rufaa za wagonjwa, ya koo, ya shehena. Ukiilinganisha na mti wa kitabuni, unaona kwamba data kuwa na umbo la mti hakutoshi. Swali nalo lazima liwe la mti, yaani jibu la mzima liweze kupatikana kutokana na majibu ya sehemu zake bila kitu kingine chochote. Idadi ya watu ni swali la aina hiyo. Mengi tunayouliza kila siku si ya aina hiyo.

Mti unaokaribia zaidi ule wa kitabuni ni wa taarifa za afya. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulianza kwa vitabu vya karatasi miaka ya 1990. Leo takwimu zake huingizwa katika DHIS2, programu inayokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini baada ya utawala wa kibaguzi kuanguka, na ambayo hapa kwetu ilisimamishwa kwa jitihada za wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Imeandikwa kwa Java, lugha ambayo karibu kila kitu ndani yake ni kitu cha klasi fulani, kwa hiyo ni mahali halali pa kuitafuta Kompoziti ikiwa kazini.

Anza chini. Muuguzi wa zahanati ya kijijini Momba humwandika kila mama aliyejifungua kwenye rejesta, mama mmoja mstari mmoja: tarehe, umri, uzao wa ngapi, uzito wa mtoto, hali ya mama alipotoka. Mwezi ukiisha anajumlisha mistari, mganga mfawidhi anapitia, fomu inakwenda halmashauri, mratibu wa MTUHA anahakikisha imeingia kwenye mfumo. Kuanzia hapo hakuna anayejumlisha kwa mkono. Ofisi ya mganga mkuu wa mkoa pale Vwawa ikichagua jina Songwe, namba za kila zahanati, kituo cha afya na hospitali zinapanda zenyewe. Wizara ikichagua Tanzania, zinapanda zaidi. Swali ni lilelile, na anayeuliza hajui wala hahitaji kujua mti una ngazi ngapi chini yake.

Hilo la ngazi si dogo. Kata ya Mbozi vijijini ina vijiji, na vijiji vina vitongoji. Kata ya Tunduma mjini ina mitaa, basi. Matawi ya mti mmoja yana urefu tofauti, na programu iliyoandikwa kwa kudhani kwamba kila kata iko ngazi kadhaa juu ya jani itaanguka siku ya kwanza itakapovuka kutoka shambani kuingia mjini. Kompoziti haianguki, maana haihesabu ngazi. Kila kitu kinawajua watoto wake tu.

DHIS2 hata hivyo haikufuata kitabu neno kwa neno. Genge la Wanne, kama waandishi wale wanavyoitwa, walijadili kwa kina jambo moja: je, jani lipewe uwezo wa kuongezewa mtoto? Ukilipa, majani na matawi yanafanana kabisa machoni pa anayeyatumia, lakini ipo siku mtu atajaribu kuongeza mtoto kwenye kitu kisichoweza kuwa na mtoto. Usipolipa, kosa hilo linakamatwa mapema, ila unapoteza ule usawa uliokufanya uitafute ruwaza hii tangu mwanzo. Wao waliegemea upande wa usawa. DHIS2 imelikwepa swali lote. Ina klasi moja tu ya kitengo, chenye mzazi na watoto, na jani ni kitengo ambacho kwa sasa hakina watoto.

Naona Songwe inawaunga mkono waliochagua hivyo. Tunduma ilikuwa sehemu ya Mbozi. Momba ikakatwa kutoka Mbozi. Kisha ndani ya Wilaya ya Momba mji wa Tunduma ukawa na halmashauri yake, kando ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba. Kijiji hukua kikagawanywa, kitongoji kikapandishwa. Jani la leo ni tawi la kesho. Katika lugha ya programu ambayo kitu hakiwezi kubadili klasi yake, kutenganisha jani na tawi kunamaanisha kwamba kitongoji kikipandishwa hadhi, unakifuta na kukiumba upya, pamoja na kumbukumbu zake zote. Hakuna mtendaji wa kijiji atakayekuelewa ukimweleza kwamba kijiji chake kimepoteza historia kwa sababu ya klasi.

Sasa tuje kwenye maswali. Mama waliojifungua wanajumlishika: zahanati hii 12, ile 30, jumla 42, hadi taifa. Asilimia ya watoto waliochanjwa haijumlishiki, wala haipatikani kwa wastani. Tuseme zahanati moja ina watoto 10 wanaostahili chanjo na imewachanja 9, yaani asilimia 90. Ya pili ina watoto 200 na imewachanja 100, asilimia 50. Tawi likiuliza watoto wake asilimia zao na kuchukua wastani, litarudisha 70. Ukweli ni watoto 109 kati ya 210, kasoro kidogo ya asilimia 52. Wastani ule umewachanja watoto 38 kwenye karatasi peke yake. Ukipanda ngazi nyingine na kuchukua wastani wa wastani, hutajua tena ni wangapi waliopotea wala walipotelea wapi. Mtoto asiyechanjwa wa kitongoji cha mbali amefichwa na zahanati ndogo iliyofanya kazi vizuri, na chanjo zitakazopangwa mwaka ujao hazitamfikia.

Dawa inajulikana: waliochanjwa wapande peke yao, wanaostahili wapande peke yao, na kugawanya kufanyike kileleni tu, kwa ngazi yoyote itakayokuwa kilele cha aliyeuliza. DHIS2 inafanya hivyo kwa viashiria vyake, kila kimoja kikiwa na namba inayogawanywa na namba inayogawanya. Ila kuna jambo jingine humo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa linaonyesha jinsi uzoefu wa vituoni unavyokifundisha kitabu. Kituo cha afya chenye vitanda 20 kinaripoti 20 Januari, 20 Februari, 20 Machi. Ukijumlisha miezi unapata vitanda 60 visivyokuwapo. Lakini ukiwa na vituo viwili vya aina hiyo kwenye halmashauri moja, 40 ni jibu sahihi. Kwa hiyo mfumo una namna ya kukusanya ambayo huchukua wastani kwenye muda na jumla kwenye mti. Kompoziti ya kitabuni haina muda ndani yake. Inajua juu na chini. Jana na leo haizijui.

Na kutojua jana ndiko kulikoleta utata Songwe ilipozaliwa. DHIS2 huhifadhi mzazi wa sasa wa kila kitengo. Zahanati ikihamishiwa kwa mzazi mpya, takwimu zake za nyuma nazo zinahamia huko. Ukifungua mfumo leo ukauliza akina mama waliojifungua Mbeya mwaka 2014, utapata namba ndogo kuliko ile iliyochapishwa kwenye taarifa ya mwaka huo, na hakuna aliyedanganya. Ya zamani ni Mbeya kama ilivyokuwa, mpya ni Mbeya kama ilivyo. Anayetaka kujua kama huduma Songwe zimeboreka tangu mkoa uanze anaihitaji ya pili. Mkaguzi anayefuatilia fedha zilizopelekwa Mbeya mwaka 2014 anaihitaji ya kwanza, na hiyo mti wa sasa hauwezi kumpa. Kama ningepewa kuandika mfumo kama huo upya, kitengo kisingekuwa na mzazi mmoja. Kingekuwa na orodha ya wazazi, kila mmoja na tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kila swali lingekuja na tarehe yake. Inaongeza kazi kila mahali. Lakini mipaka ya utawala nchini kwetu hubadilika mara kwa mara, na mfumo unaojifanya haibadiliki unawaachia wachambuzi kazi ya kukumbuka kwa kichwa.

Utawala wenyewe haujakubali kuwa mti mmoja. Mkuu wa Wilaya ya Momba anasimamia eneo lenye halmashauri mbili. Wilaya ya Mbozi ina halmashauri moja lakini majimbo mawili ya uchaguzi, Mbozi na Vwawa. Tarafa ipo kwenye safu ya serikali kuu, haina baraza la madiwani. Kata ndipo miti hii inapokutana: kata ileile ina afisa mtendaji, ina diwani, iko kwenye tarafa, iko kwenye jimbo. Kwa mgonjwa upo mti mwingine tena, kutoka zahanati kwenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Kwenye karatasi za utawala Songwe imetengana na Mbeya tangu 2016. Kwenye gari la wagonjwa bado inapanda kwenda Mbeya.

Mapokeo ya pili ninayotaka kuyaweka kando ya kitabu ni ya ukoo, na yanaanza kwa kuugeuza mti. Wanamwanga wako Tunduma na Momba upande huu, Nakonde na Isoka upande wa Zambia. Mpaka uliowapitia katikati ulitokana na mkataba wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani. Kwa desturi yao mwanamume hubeba jina la ukoo lenye Si- mbele, na mwanamke hulibeba lilelile likiwa na Na-: kaka Simwinga, dada Namwinga. Hakuna ofisi ya ukoo yenye orodha ya watoto wote. Kila mmoja amebeba anwani ya tawi lake mwilini mwake, anavuka nayo mpaka, na akikutana na mwenye jina hilo Nakonde hahitaji kumuuliza mtu wa tatu.

Pwani wana njia yao, kutoka Lamu hadi Maskati: fulani bin fulani bin fulani, jina linalopanda kwa baba na babu hadi pumzi iishe. Kwa mwandishi wa programu tofauti hii ni kubwa. Kompoziti hutembea kutoka juu kwenda chini. Mzazi anawajua watoto, na mtoto kumjua mzazi ni nyongeza ambayo kitabu kinaipendekeza kwa baadhi ya matumizi. Ukoo na nasaba huanza chini, na mtoto kumjua mzazi ndiyo habari yote. DHIS2, nikirudi huko kidogo, ina vyote viwili, na zaidi ya hapo huandika kwenye kila kitengo njia nzima kutoka mzizini hadi kwake, katika mstari mmoja wa herufi. Ni nasaba iliyoandikwa kuanzia kwa babu. Ukitaka vitengo vyote vya Songwe, hutembei mti. Unatafuta kila njia yenye Songwe ndani yake, na hifadhidata inakupa jibu kwa haraka.

Maswali ya ukoo pia ni mengine. Hakuna anayeuliza jumla. Wanauliza: mimi na wewe tunakutana kwa nani? Kila mmoja anataja wazee wake kurudi nyuma mpaka majina yagongane. Jibu hilo likijulikana, mengi yanafuata, kuanzia namna ya kuamkiana hadi kama vijana wanaweza kuoana. Tawi haliwezi kulijibu kwa kuwauliza watoto wake swali lilelile, maana swali lina watu wawili ndani yake, na kila mmoja yuko mahali pake. Kompoziti haina la kusema hapo, wala sidhani ni aibu kwake. Iliundwa kwa maswali mengine. Kosa ni la mwandishi wa programu ya koo au ya mirathi anayeanza kwa kuandika klasi ya jani na klasi ya tawi kwa sababu tu ameona mti.

Tena ukoo wenyewe si mti. Mtu ana baba na ana mama. Jina linapita upande mmoja, lakini wajomba wapo, na wana haki na wajibu wao. Mchoro wa ukoo unaotundikwa sebuleni ni mti kwa kuwa nusu ya watu wameachwa nje.

Jambo hilo alilisema kuhusu miji mtu ambaye ruwaza zote hizi zina deni kwake. Genge la Wanne walilichukua wazo la ruwaza kwa Christopher Alexander, msanifu majengo mzaliwa wa Vienna aliyefundisha Berkeley, ambaye mwaka 1977 yeye na wenzake walichapisha ruwaza 253 za vyumba, nyumba, mitaa na miji. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 1965, Alexander alikuwa ameandika makala akisema kwamba mji si mti. Wapangaji, alidai, huchora miji kama matawi ndani ya matawi kwa kuwa akili hupenda hivyo, ilhali mji ulio hai una sehemu zinazoingiliana: kona moja ni ya kituo cha basi na ni ya duka na ni ya watoto wa shule kwa wakati mmoja. Ukiilazimisha iwe ya kundi moja, unaiua. Inanishangaza kwamba vitabu vya programu vinamtaja Alexander wa 1977 kwa heshima zote na kumsahau Alexander wa 1965, ambaye maneno yake yanaigusa Kompoziti moja kwa moja.

Tunduma ingempa mfano bora kuliko aliyokuwa nayo. Mji huo na Nakonde ni soko moja lililopitiwa na mstari. Mfanyabiashara analala upande mmoja na kuuza upande wa pili, wabadilisha fedha wanashika kwacha na shilingi mkono mmoja, na mahindi yanakwenda inakoelekea bei. Serikali zenyewe ziliukubali ukweli huo zilipojenga kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu. Anayeingia Tanzania hukaguliwa upande wa Tanzania na maofisa wa nchi zote mbili. Anayeingia Zambia hukaguliwa hivyohivyo Nakonde. Jengo moja, mizizi miwili. Ofisa wa Zambia anafanya kazi rasmi ya Zambia akiwa amesimama kwenye udongo wa Tanzania, na ili awe na mamlaka hapo ilibidi nchi mbili ziafikiane. Kitabu cha 1994 kinaonya kwamba mtoto akiwa na wazazi zaidi ya mmoja, ujumbe unaopanda hukosa njia moja ya kufuata. Mpakani utata huohuo ulitatuliwa na wanasheria.

DHIS2 nayo ina njia yake ya kukiri: makundi ya vitengo, yanayokata mti kwa upande. Zahanati inabaki na mzazi mmoja wa utawala, lakini inaweza kuwa katika kundi la vituo vya serikali, la vituo vya mjini, la vituo vya mpakani. Mti umebaki mti, na mwingiliano umewekwa pembeni. Alexander asingeridhika, nadhani. Mimi naona ni suluhu ya kiungwana kwa mfumo unaopaswa kutoa taarifa kila mwezi.

Mti wa tatu uko barabarani. Lori la kwenda Lubumbashi limebeba kontena, kontena lina paleti, paleti ina katoni, katoni ina bidhaa. Ni mfano uleule wa kitabuni wa kasha, kadi na diski. Ushuru unakaa vizuri kwenye Kompoziti: kila bidhaa ina namba yake ya ushuru na kiwango chake, inajitozea yenyewe, na kontena linarudisha jumla. Kontena la mchanganyiko, lenye vitenge na vipuri pamoja, halihitaji kanuni yake ya pekee. Uzito wa jumla nao unapanda bila shida. Uzito mtupu wa lori, ongeza tela, ongeza kontena, ongeza kilichomo, na jibu lisizidi tani 56, ambacho ndicho kiwango cha juu katika sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019.

Lakini dereva yeyote wa barabara ya Tunduma atakwambia kwamba mizani haiishii kwenye jumla. Inapima ekseli. Ekseli mbili za pamoja zenye matairi manne kila moja zina mwisho wake, tani 18. Tatu za pamoja, tani 24. Lori linaweza kuwa na jumla halali likakamatwa kwa sababu mzigo umesogezwa mbele sana na kuzikandamiza ekseli za kichwa. Mizigo ni ileile, katoni ni zilezile, jumla ni ileile. Kilichobadilika ni nafasi. Na nafasi haimo kwenye mti. Ukiiuliza katoni inachangia tani ngapi kwenye ekseli ya tatu, haiwezi kujua, kwa kuwa jibu linategemea iko umbali gani kutoka ekseli ile na nini kimepakiwa kwingine. Mwandishi wa programu ya shehena aliyeandika uzito kwa Kompoziti, akafurahi ilivyokubali, kisha akaongeza swali la ekseli kwenye kiolesura kilekile, atawaletea watu faini.

Hapa ndipo mapokeo mengine ya programu yanapofaa kusikilizwa. Katika lugha za familia ya ML na Haskell, mti hutangazwa kama aina ya data yenye maumbo machache yanayojulikana, na swali huandikwa nje yake, kama kanuni inayosema ukikuta jani fanya hivi, ukikuta tawi fanya vile. Kuongeza swali jipya ni rahisi, huligusi lililopo. Kuongeza aina mpya ya kitu ni kazi, maana kila swali lazima lifundishwe. Katika Kompoziti ni kinyume chake: aina mpya huingia kimyakimya, swali jipya linaigusa kila klasi. Philip Wadler aliupa mvutano huo jina mwaka 1998, na watu wa pande mbili wamekuwa wakibishana tangu kabla ya hapo.

Ubishi huo hauna mshindi wa jumla, lakini kwa Songwe mshindi yupo. Aina za vitengo hubadilika kwa miaka: mji mdogo, halmashauri ya mji, wilaya mpya. Maswali hubadilika kila msimu wa bajeti, kila mlipuko wa kipindupindu, kila mfadhili anapokuja na fomu yake. Anayeyaweka maswali ndani ya vitengo ataifungua klasi ileile kila robo mwaka, na ataivunja. Ndiyo maana katika DHIS2 viashiria si sehemu ya vitengo. Ni rekodi kwenye hifadhidata, na mtaalamu wa takwimu anaweza kuandika kipya bila mwandishi wa programu kuguswa. Genge la Wanne walikuwa na jibu la mwelekeo huo katika kitabu hichohicho, ruwaza ya Mgeni, ambayo hulifanya swali kuwa kitu chenyewe kinachoutembelea mti. Tungefundisha hizo mbili siku moja, wanafunzi wasingeondoka na imani kwamba kila swali lina haki ya kukaa ndani ya jani.

Mgeni hutembea akiwa na mfuko. Kwa lori lile, swali la ekseli lingekuwa mgeni wa namna hiyo: linaingia kwenye tela, linaandika kontena liko wapi, linaingia kwenye kontena, linaandika paleti iko mita ngapi kutoka mlangoni, linafika kwenye katoni likiwa na umbali wote uliokusanywa njiani, linachukua uzito tu. Katoni inaulizwa kile inachokijua. Mgawanyo kwenye ekseli unafanyika mwishoni, nje ya mti, kwa hesabu ya nguvu na umbali, na mpakiaji anaambiwa asogeze paleti ipi nyuma kabla lori halijaondoka ghalani Dar es Salaam.